Mnana Anapovunja Nyumba Yake: Mwalimu Anawajibu Wasomaji

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu minana wanaojenga kwenye minazi iliyo nyuma ya jiko langu hapa Pangani. Barua zilizokuja zimejaza kikapu. Siwezi kuzijibu zote, kwa hiyo nimechagua saba. Nimezisoma zote, hata hivyo, na nimeona kwamba karibu kila aliyeniandikia ameandika habari za dume. Dume ndiye mwenye rangi, ndiye mwenye kelele, ndiye fundi. Mimi nimewatazama ndege hawa tangu nilipostaafu kufundisha, miaka kumi na moja sasa, daftari mkononi kila asubuhi kabla ya chai. Nawaomba msome majibu yangu huku mkijiuliza: jike yuko wapi, na anafanya nini?

Kwanza jina. Ninaposema mnana nina maana ya ndege wa manjano, mkubwa kidogo kuliko shomoro, anayefuma kiota cha majani kinachoning'inia. Aina ni nyingi. Hawa wangu dume ana kichwa cheusi, macho mekundu, na mgongo wenye mabaka ya njano na nyeusi. Jike ana rangi ya kijani iliyofifia, kama jani lililokaa juani.

*Shikamoo Mwalimu. Nina mwarobaini mbele ya nyumba yangu na minana wamejaa. Kuna dume mmoja ninamfuatilia. Alijenga kiota kizuri kikakamilika, akakaa nacho siku kadhaa. Jumapili asubuhi nikamkuta anakivunja yeye mwenyewe, anachomoa majani na kuyaangusha chini. Jirani anasema ndege huyo amerogwa. Mke wangu anasema amefiwa. Wewe unasemaje? (Baba wa watoto watatu, Muheza)*

Marahaba mwanangu. Hakurogwa wala hakufiwa. Amekataliwa, na sasa anajiandaa kuposa upya.

Nikueleze kuanzia mwanzo. Mimi nimesuka mikeka tangu nina miaka tisa. Sisi ukindu tunauanika, tunautia rangi, kisha tunaulainisha kwa maji ndipo tunaushika kusuka, maana ukisuka ukindu mbichi utasinyaa ndani ya mkeka na mkeka wote utalegea. Mnana anakwenda kinyume chetu. Anataka jani bichi, tena la saa hiyohiyo. Anatua ukingoni mwa kuti au jani la tete, anakata kwa mdomo kidogo tu, anashikilia, halafu anaruka kwa mkupuo mmoja. Jani linachanika, naye anaondoka na chane ndefu inayopepea nyuma yake. Jani bichi linakunjika bila kukatika, kwa hiyo anaweza kulipitisha juu na chini na kulifunga fundo kabisa, fundo la kweli ambalo ukijaribu kulifungua kwa kucha utapata taabu. Likikauka linabaki na umbo lile alilolipa.

Anaanza na pete. Anachagua njiti inayoning'inia, anaifunga chane ya kwanza, anazungusha ya pili na ya tatu mpaka inapatikana pete iliyosimama wima, ya kumtosha yeye kusimama ndani yake. Pete hiyo ndiyo msingi na ndiyo futi yake ya kupimia. Anasimama ndani akielekea upande uleule kila mara. Anafuma mbele yake kwa kadiri mdomo unavyofika, na hicho kinakuwa chumba cha mayai. Kisha, bila kugeuka, anajipinda nyuma, anafuma juu ya kichwa chake mpaka upande wa pili, na hicho kinakuwa kibaraza, tundu la kuingilia likibaki kwa chini. Ndiyo maana viota vya dume mmoja vinafanana ukubwa. Kipimo chake ni mwili wake. Mwisho anapachika vipande vifupi vipana kwa ndani chini ya paa, kama sisi tunavyopanga makuti ili mvua isipenye.

Hapo nyumba imekwisha, na ndipo mwenye uamuzi anapofika. Dume anasikia majike wanapita, ananing'inia chini ya tundu kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa ili njano iliyo chini ya mabawa ionekane, na anapiga kelele kama redio iliyopoteza stesheni. Jike anatua na kuingia. Nimewatazama kwa darubini: anavuta chane kwa mdomo, moja hapa na moja pale, kama mnunuzi anayevuta uzi wa kanga dukani. Pengine anatoka baada ya muda mfupi tu na kwenda kwa jirani. Pengine anakaa. Akirudi na nyasi laini au unyoya mdomoni, posa imekubaliwa, maana kutandika ndani ni kazi yake.

Asipopatikana wa kukubali, siku zinapita. Majani yanaacha kijani, yanakuwa manjano, kisha kahawia. Kiota kikishafika wiki moja hivi, majike wengi hawakigusi tena. Rangi ya kijani ni kama tarehe iliyoandikwa mlangoni: inamwambia jike kwamba nyumba ni mpya na majani hayajaanza kukatika. Na kiota hiki kinapaswa kubeba mayai na makinda katikati ya upepo na mvua. Dume anafahamu, kwa namna ndege anavyofahamu, kwamba kiota cha kahawia hakina soko. Nafasi nzuri kwenye mti ni chache, na majirani wanaitamani ya kwake. Basi anabomoa, na palepale anafuma kipya.

Machi mwaka jana nilikuwa na dume niliyemtambua kwa kidole kilichokatika mguu wa kushoto. Alijenga mahali pamoja viota vinne. Cha kwanza kilikuwa kimepinda. Cha pili na cha tatu mimi niliviona vizuri sana, lakini majike waliingia na kutoka. Cha nne kilipata mtandikaji siku ya pili yake, na daftari langu linaonyesha kwamba nilishindwa kuandika kitu kingine siku hiyo kwa furaha.

Kama dume wako bado ni kijana, usishangae akivunja mara nyingi. Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliokuwa watafiti katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, waliwafuga ndege hawa miaka mingi na kuona kwamba dume mdogo aliyenyimwa majani ya kuchezea tangu utotoni hufuma vibaya anapokuwa mkubwa. Ufumaji ni kipawa cha kuzaliwa, lakini bila mazoezi mkono haukai sawa. Vijana hujenga vibanda vya hovyo pembeni mwa mti, vinalegea na kuanguka, nao wanaanza tena. Ukiokota kiota kilichoanguka chini ya mwarobaini wako, kitazame. Kama mafundo yamelegea na ndani hamna matandiko, ni daftari la mwanafunzi.

Mwambie jirani yako asogee na kiti aje kutazama. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo saa nzuri.

*Mwalimu, asalaam aleikum. Nina minazi kumi na minne. Miwili imebaki chelewa tupu kwa sababu ya minana, makuti yote wameyachana. Watu wananishauri nipande na kuviwasha moto viota. Nifanye nini? (Mkulima, Kilifi)*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Sitakuambia kwamba hasara hiyo si hasara. Kuti lililochanwa halimlishi mnazi, na mnazi uliovuliwa makuti mengi hupunguza nazi. Lakini nakuomba sana, moto usitie. Marehemu mjomba wangu alikuwa mkwezi kwa miaka arobaini, na alikuwa akisema kwamba mnazi una moyo mmoja. Ni kweli: unakua kwa kilele kimoja tu, na kilele kikiungua hakuna tawi la pembeni la kuurithi. Utaua mti wa miaka thelathini kwa kuchukia majirani wa miezi mitatu.

Jiulize kwa nini wamechagua miwili hiyo kati ya kumi na minne. Naweza kukisia bila kufika: imesimama peke yake, matawi ya miti mingine hayaigusi, na iko karibu na nyumba au kisima. Mnana anaogopa nyoka wa mitini, kenge, tumbili, na mwewe mmoja wa kijivu mwenye uso wa njano ambaye miguu yake inapinda mbele na nyuma, akaweza kuning'inia kwenye kiota na kuingiza mguu ndani kutoa makinda. Mahali penye watu maadui hao husitasita. Wewe ni mlinzi wao, ingawa hukuulizwa. Na jike anapochagua kiota anachagua mahali vilevile: kizuri kilicho mahali pabaya kinabaki tupu.

Kwangu nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimeacha matete yaote kando ya mfereji wa maji machafu. Minana huchana tete kwa furaha, na makuti yangu yamepata nafuu. La pili, mti ambao sitaki wajenge ninaushughulikia mwanzoni kabisa mwa masika, wakati wa pete. Mkwezi anapanda, anatoa pete zote, anarudia baada ya siku nne, mara mbili tatu. Bado hakuna yai, hakuna anayeumia, na wao wanahamia mti wa jirani yao. Ukichelewa, majike wakishaanza kuingia na manyoya, waache wamalize. Na wakati wa makinda tazama wanachobeba mdomoni: viwavi, panzi, wadudu wa bustani yako. Mpunga na mahindi wanakula, siwatetei kwa uongo, lakini makinda wanakuzwa kwa wadudu.

*Mwalimu, habari. Naishi kwenye nyumba ya ghorofa Nairobi. Nje ya dirisha kuna mti wa boganvilia na mnana mmoja amejenga humo. Wako wawili tu. Sijaona kundi, sijasikia kelele. Je, hawa wametengwa na wenzao? (Mpangaji wa ghorofa ya pili)*

Nzuri, mwanangu. Wawili hao hawakutengwa. Kama dume ana paji la njano na kinyago cheusi machoni, na jike ana kichwa chote cheusi, na wote wawili wana macho ya njano, basi hao ni minana wa nyanda za juu. Wamezoea bustani za Nairobi, na desturi yao ni kuishi mke na mume peke yao.

Ndege wa jamii hii wote kwa pamoja wanazidi aina 100, wengi wao hapa Afrika, na mwaka 1964 mtafiti Mwingereza John Crook alichapisha kazi kubwa ya kuwalinganisha. Aliona kwamba ukitaka kujua ndoa ya mnana, tazama sahani yake. Wanaokula wadudu, hasa wa misituni, chakula chao kimetawanyika kidogo kidogo kila mahali, kwa hiyo mume na mke hushika eneo lao na kulea pamoja. Wanaokula mbegu za mbugani chakula chao kiko kwa mafungu, leo hapa kesho kule, na miti salama ya kujengea ni michache, kwa hiyo hukusanyika mamia kwenye mti mmoja, na dume mmoja huweza kuwa na majike kadhaa. Dume wangu wa Pangani analea kidogo sana. Jike huatamia peke yake siku kumi na mbili hivi na sehemu kubwa ya kulisha ni yake. Hao wako wa Nairobi utawaona wote wawili wakihangaika na wadudu.

Kwa upande mwingine kabisa wako wale wa jangwa la Kalahari, Namibia na Afrika Kusini, wanaojenga jumba moja kubwa juu ya mti, lenye vyumba vya ndege mia na zaidi, likatumiwa na vizazi hata vizazi. Hao hawafumi. Wanachomeka nyasi kavu kama tunavyoezeka banda. Huko ukavu si kasoro, maana nyumba haijengwi kwa ajili ya msimu mmoja.

*Shikamoo Bibi. Mwanangu aliokota mayai matatu chini ya mti wa minana, yametoka kwenye viota mbalimbali vilivyoangushwa na upepo. Moja jeupe, moja la bluu, moja la kijani lenye madoa. Ni ndege watatu tofauti? (Mama wa Morogoro)*

Marahaba. Ni mnana yuleyule, na swali lako ndilo nililolifurahia kuliko yote.

Kila jike wa mnana kichwa-cheusi hutaga mayai ya rangi moja maisha yake yote. Anayetaga ya bluu hutaga ya bluu, mwenye madoa hutaga ya madoa. Lakini jirani yake kwenye njiti ya pili anaweza kuwa na rangi nyingine kabisa. Sababu yake ni kekeo mmoja mdogo, mgongo wa kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa, mbavu zenye mistari, anayelia "dii-dii-dii-diderik" wakati wa mvua. Kekeo huyo hajengi. Hunyemelea kiota cha mnana, hutaga yai lake humo na kuondoka. Kinda lake likianguliwa huyasukuma mayai ya mwenyeji nje, na jike wa mnana anabaki kulilisha la mwenziwe.

Sasa fikiria hali ya kekeo. Yai lake lina rangi moja tu, naye hana njia ya kujua kila kiota kina rangi gani. Jike wa mnana anaifahamu rangi yake, na akikuta yai lisilofanana analitupa nje. Kwa hiyo mti wenye mayai ya rangi nyingi ni mti mgumu kuibiwa. Kila jike ana alama yake, kama wanawake wanavyofunga kitambaa cha rangi kwenye ndoo kisimani ili zisibadilishwe.

Ushahidi wake unatoka mbali. Ndege hawa walipelekwa na watu katika kisiwa cha Mauritius mwishoni mwa karne ya 19, na kabla ya hapo katika kisiwa cha Hispaniola, chenye Haiti na Jamhuri ya Dominika. Huko kekeo huyo hayupo. Mtafiti David Lahti alipoyachunguza mayai ya huko aliona kwamba tofauti kati ya jike na jike zimefifia. Hakuna mwizi, na alama inaanza kufutika.

Mwambie mwanao ayaweke mayai hayo kwenye pamba, na aandike tarehe na mti. Lakini yaliyo kwenye viota asiyaguse.

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Dodoma. Babu yangu analima uwele na mtama na kwelea kwelea wanammaliza. Je, kwelea kwelea ni mnana? (Mwanafunzi)*

Marahaba mjukuu wangu. Ni ndugu, wa ukoo mmoja. Naye dume hufuma pete na kiota cha majani mabichi, lakini kidogo na chepesi, akakimaliza kwa siku mbili tatu tu. Hujenga kwenye migunga yenye miiba, na koloni moja linaweza kuwa na viota mamilioni. Wote huanza pamoja na kumaliza pamoja. Kuanzia yai kutagwa hadi kinda kutoka kiotani hakufiki mwezi. Nikuambie na jambo la jike: nje ya msimu mdomo wake ni mwekundu kama wa dume, lakini msimu wa kuzaa ukifika mdomo wake unageuka manjano. Ukiwatazama karibu na shamba la babu utajua kama wanazaa au wanapita njia.

Ndege mmoja ana uzito wa gramu kati ya 15 na 20 na hula gramu 10 hivi kwa siku. Fanya hesabu: ndege milioni moja ni tani 10 za nafaka kila siku. Ndiyo maana serikali hunyunyizia sumu kwa ndege za angani, na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki husaidia kazi hiyo. Namhurumia babu yako, sina neno la kumlaumu. Lakini sumu hiyo humwua pia mwewe aliyekuja kuwala na ndege wengine waliolala mti mmoja nao. Kule Kondoa watu huwanasa kwa mitego na kuwala. Mlo mzuri, na shamba limepumua. Muulize babu kama kijijini kwenu kuna aijuaye kazi hiyo.

*Je, kuna mnana wa kwetu tu, asiyepatikana nchi nyingine? (Msomaji, Malindi)*

Yupo, na kwao ni karibu nawe. Anaishi kaunti ya Kilifi tu, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, lakini kwa miaka 100 hakuna mwanasayansi aliyeona anapotaga. Mwaka 2013 wapenzi wa ndege wa shirika la uhifadhi la Nature Kenya pamoja na wenyeji wa Dakatcha waliwakuta wakijenga kwenye mafunjo ya bwawa la msimu. Watu walikuwa wakitazama juu ya miti, kumbe kiota kilikuwa chini majini. Bwawa hilo likilimwa au likikauka, sijui ndege hao watakwenda wapi tena. Wewe uliye karibu, nenda ukaone, na uwape salamu wanaolilinda.

Tanzania nasi tunaye wa bonde la Kilombero, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 tu. Ukivuka mto pale Ifakara, tazama matete ya kando.

*Mwalimu, shikamoo. Nina mkungu mkubwa uani kwangu Tanga mjini. Nataka kuukata nijenge ukuta, fundi yuko tayari, lakini una viota kama sitini. Mama mkwe wangu amekataa kabisa. Anasema minana wakifukuzwa nyumba hupungukiwa baraka. Fundi anasema viota vingi vimekauka, ndege hawamo tena. Nimsikilize nani? (Kijana mwenye haraka)*

Marahaba. Mama mkwe wako ni mzazi wako na baraka anaifahamu kuliko mimi, siwezi kumkatalia. Fundi, yeye amekosea, kwa sababu anasoma rangi kama dume, na wewe inakubidi umsome jike.

Kiota cha kahawia kina maana mbili zinazopingana. Kilichokataliwa hukauka. Lakini kilichokubaliwa nacho hukauka, maana jike akishaingia hakibadilishwi tena, kinazeeka akiwa ndani. Katika viota vyako vya kahawia, vingine ni vitupu na vingine vina mayai mawili matatu au makinda waliokaribia kuruka, na kutoka chini havitofautiani. Hata vitupu kabisa pengine vina wapangaji. Tongo, wale ndege wadogo weusi na weupe wanaotembea kwa makundi, hulala humo usiku.

Fanya hivi. Keti chini ya mti saa moja asubuhi, saa nzima, bila simu. Usimtazame dume anayepiga kelele. Tafuta yule ndege wa kijani kilichofifia anayeruka kimya na kuingia moja kwa moja. Akiingia na unyoya au nyasi laini, anatandika, na una safari ya wiki tano au zaidi: siku chache za kutaga, siku kumi na mbili hivi za kuatamia, na karibu siku ishirini za kulisha. Akiingia mikono mitupu na kukaa muda mrefu, anaatamia. Akiingia na kiwavi na kutoka upesi, halafu akarudi, halafu akarudi tena, makinda wamo na hazizidi wiki tatu.

Weka alama ya viota vyenye jike kwenye karatasi. Kila baada ya siku mbili rudi uvifute vilivyonyamaza. Fundi wako mpe kazi ya kuchimba msingi upande usio na mti ili asikose siku zake. Asubuhi tatu zikipita bila jike hata mmoja kuingia na mdudu mdomoni, mwonyeshe mama mkwe karatasi yako, mketi naye chini ya mti asubuhi ya nne, na yeye akiridhika, ndipo shoka lipande.